Hifadhi ya Impala ya Kisumu na majirani zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila mgeni anayelala kwangu Nyalenda huuliza maswali yaleyale kuhusu hifadhi iliyo kando ya ziwa, na kila mara mimi hurudia majibu yaleyale huku chai ikipoa. Nimeona heri niyaandike. Mimi si mfanyakazi wa hifadhi wala sisemi kwa niaba yake. Ni jirani tu, na majibu haya yana kasoro na upendeleo wa jirani.

Hifadhi hii iko wapi hasa?

Iko ukingoni mwa Ziwa Victoria, takribani kilomita 3 kutoka katikati ya jiji la Kisumu, kwenye njia ya kuelekea Dunga. Nyuma yake ziko nyumba za Milimani, zenye viwanja vipana na miti ya zamani. Ukizidi kuingia nchi kavu unafika Nyalenda, ambako nyumba zimebanana na vichochoro havina majina. Mbele yake ni maji matupu. Jina lake rasmi ni Kisumu Impala Sanctuary, lakini ukimwambia mwendesha boda boda au tuktuk "Impala", hatauliza tena.

Ni kubwa kiasi gani?

Ni ndogo mno: hekta 34, yaani robo tatu ya saa ya kutembea bila haraka kwa mtu asiyesimama njiani. Mbuga ya Ziwa Nakuru, ambayo nayo imepakana na jiji, ina kilomita za mraba 188, kwa hiyo ingeweza kuimeza hii yetu zaidi ya mara mia tano. Udogo huu uufahamu mapema, kwa sababu watu wengi hufika wakitarajia Maasai Mara na kuondoka wakinung'unika, ilhali hapa hutembei kwa gari, unatembea kwa miguu yako.

Ilianzishwa lini, na kwa nini?

Ilitangazwa rasmi mwaka 1992, miaka miwili tu baada ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, kuanza kazi. Sababu ya kwanza ndiyo inayobebwa na jina lenyewe: kulikuwa na kundi la swala pala lililobaki karibu na ziwa huku jiji likizidi kulizunguka, na bila ua wa kulilinda lingeishia kwenye sufuria au chini ya magurudumu. Sababu ya pili ilikuwa kuwapa viboko mahali pa kulisha pasipo shamba la mtu. Ya tatu ilikuwa kupata mahali pa kuwaweka wanyama walioleta matatizo kwingineko au waliookolewa wakiwa hawana uwezo wa kurudi porini. Majukumu hayo matatu hayalingani sana. La kwanza linataka nafasi, la pili linataka njia iliyo wazi hadi majini, na la tatu linataka vyuma. Mengi ya yale ambayo wageni huyaona ya ajabu katika hifadhi hii yametokana na kuyafunga mambo hayo matatu ndani ya hekta 34.

Kabla ya hapo, ufuo huu ulikuwa wa nani?

Swali hili ndilo refu kuliko yote, kwa kuwa jibu lake ni historia ya jiji zima.

Jina la Kisumu lenyewe huhusishwa na desturi ya Wajaluo ya kwenda kutafuta chakula wakati wa njaa kwa kubadilishana bidhaa, na watu waliokuwa wakikutana hapa kwa shughuli hiyo hawakuhitaji ramani. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani Desemba 1901, na kituo chake kikaitwa Port Florence, kwa jina la mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandazaji wa mataruma. Wakati huo sehemu hii bado ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Ilihamishiwa upande wa Kenya ya leo mwaka 1902.

Mji uliokua pale bandarini ulipangwa kwa rangi ya ngozi. Mwaka 1913 serikali ya kikoloni ilimleta Profesa W. J. Simpson kuchunguza afya ya miji ya Afrika Mashariki, baada ya milipuko ya tauni, naye akapendekeza kwamba makazi ya Wazungu yatengwe na ya Wahindi na ya Waafrika kwa ukanda wa ardhi isiyojengwa wenye upana wa angalau yadi 300, yaani takribani mita 275. Sehemu ya kijani katika mji wa kikoloni, basi, mara nyingi haikuwa mahali pa kupumzikia kwa wote. Ilikuwa umbali uliopimwa kati ya watu na watu. Sisemi kwamba hifadhi hii ilikuwa ukanda wa namna hiyo. Ninasema tu kwamba Milimani ina miti na upepo wa ziwa, na Nyalenda haina, na kwamba jambo hilo halikutokea kwa bahati. Nyalenda, Manyatta, Obunga na Bandani ziliota nje ya mpaka wa zamani wa mji, zikaingizwa ndani ya manispaa mwanzoni mwa miaka ya 1970 wakati mpaka huo ulipopanuliwa, na kufikia wakati huo watu walikuwa wameshajenga walivyoweza, bila mtu wa kuwatengea hata kiwanja cha mpira.

Kwa hiyo hifadhi ilipotangazwa mwaka 1992, ikawa mojawapo ya sehemu chache za ufuo wa mjini ambapo mtoto wa Nyalenda na mtoto wa Milimani wangeweza kukanyaga nyasi zilezile. Kwa ada, ndiyo, lakini nyasi ni zilezile.

Kwa nini tulipie mahali pa umma?

Kwa sababu "umma" hapa ni wa nchi nzima. Katiba ya 2010 imezipa kaunti bustani za kaunti, fukwe na viwanja vya burudani, lakini mbuga na hifadhi za taifa zimebaki mikononi mwa KWS, ambayo hutoza ada ya kuingia, tofauti kwa raia, mkazi na mgeni, na kwa mtu mzima na mtoto. Viwango hubadilika, kwa hiyo viangalie kabla ya safari. Malipo hufanywa kwa simu au kwa kadi. Langoni hawapokei pesa taslimu, na nimewahi kuona babu mmoja mwenye noti mkononi na simu isiyo na salio akisimama pale kwa dakika ishirini hadi mwalimu wa shule iliyokuwa ikiingia alipomlipia. Anayetaka nyasi za bure na aende Jomo Kenyatta Sports Ground katikati ya jiji.

Lakini ada haiigeuzi ardhi hiyo kuwa mali ya mtu. Kifungu cha 62 cha Katiba kinaihesabu kuwa ardhi ya umma, na katika jiji ambalo kiwanja kinachotazama ziwa kina bei ya kutisha, ua ule unazuia zaidi ya wanyama.

Swala wenyewe nitawatambuaje?

Ni wekundu wa kahawia mgongoni, weupe tumboni, na nyuma wana mistari mitatu myeusi iliyosimama, mmoja mkiani na miwili mapajani. Madume pekee ndiyo yenye pembe. Kaa tuli karibu na kundi kwa robo saa nawe utawaona wakichanana manyoya shingoni kwa meno, mmoja akimwondolea mwenzake kupe na kisha kungoja zamu yake. Hawakopeshani huduma hiyo kwa muda mrefu, hulipana papo hapo. Msimu wa kupandana madume hutoa mngurumo mzito usiolingana kabisa na mwili ule mwembamba, na wageni wanaolala Milimani kwa mara ya kwanza huuliza asubuhi kama kuna simba aliyetoroka.

Kundi lililofungiwa lina shida ambazo kundi la porini halina. Porini, dume aliyeshindwa huenda zake na kujiunga na madume wengine mbali. Hapa hana pa kwenda, na kwa kuwa damu mpya haiingii yenyewe, uzao hukaribiana. Mambo hayo huamuliwa na wataalamu, si na majirani.

Nzohe ni mnyama gani, na mbona simwoni?

Nzohe ni swala wa majini, mwenye kwato ndefu zinazopanuka ili asizame topeni na manyoya yanayostahimili unyevu. Akishtuka hujitosa majini na kubakiza pua tu juu. Ndiyo maana humwoni. Binafsi namthamini kuliko mnyama mwingine yeyote wa hifadhi hii, ingawa wengi humpita bila kujua, kwa sababu ndiye aliye mwenyeji kamili wa hapa: makazi yake ni mafunjo, na mafunjo ya ghuba yetu yanazidi kupungua. Siku moja ya Julai, baada ya mvua ya usiku, nilimwona jike amesimama kwenye tope hadi magotini, masikio yake mapana yakizunguka kila moja kwa wakati wake, kana kwamba yalikuwa ya wanyama wawili. Watoto waliokuwa nyuma yangu walimwita mbuzi.

Kwa nini simba na chui wamefungiwa vizimbani? Je, si ukatili?

Simba, chui, duma na fisi wamewahi kuwekwa hapa kwa nyakati mbalimbali, na walio vizimbani hawawezi kuachiliwa kati ya nyumba za watu. Wengi wa wanyama wa namna hii huletwa wakiwa yatima, au baada ya kuzoea kula mifugo, na njia nyingine iliyopo kwa mnyama wa aina hiyo mara nyingi ni risasi. Hata hivyo sitajifanya kwamba napenda kumtazama chui akizunguka njia ileile ukutani. Mzazi anayemleta mtoto na amweleze ukweli kwamba mnyama huyu yuko hapa kwa sababu kuna mahali palimshinda, na kwamba chui wa porini hutembea usiku peke yake na haonekani na mtu. Halafu asimruhusu kugonga vyuma. Wanaogonga vyuma, nimegundua, si watoto. Ni wanaume wazima wanaotaka picha ya simba akikasirika.

Je, ni kweli kwamba viboko hutembea mitaani usiku?

Ni kweli kwamba hutoka majini jua likishazama kwenda kula nyasi, na kiboko mmoja aweza kula takribani kilo 40 kwa usiku mmoja. Hajui wapi hifadhi inaishia na wapi sukumawiki ya mama fulani inaanzia. Anafuata njia aliyoifuata jana, na akimkuta mtu amesimama kati yake na maji, humvamia. Hakuna ujanja wa kumshinda kiboko mbio. Ukiwa Dunga au kwenye vijia vya ufuoni baada ya magharibi, tumia tochi, tembea na wenzako, na usikatize kichakani ili kufupisha njia.

Mtu akiuawa au kujeruhiwa na kiboko au mamba, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 imeweka fidia: shilingi milioni 5 kwa kifo, milioni 3 kwa jeraha la ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine. Madai hupelekwa kwa kamati ya uhifadhi wa wanyamapori na fidia. Piga ripoti polisi na kwa KWS siku hiyohiyo, tunza karatasi za hospitali, piga picha mazao yaliyoharibiwa kabla ya kuyang'oa. Fidia huchelewa, wakati mwingine kwa miaka, na aliyepoteza karatasi huchelewa zaidi.

Tumbili amemnyang'anya mtoto wangu mkate. Nimlalamikie nani?

Mlalamikie aliyemlisha jana. Tumbili hazaliwi akijua kwamba mfuko wa karatasi una andazi. Amefundishwa na wageni waliotaka kucheka. Sasa huwachagua watoto na kina mama wenye mizigo, na hupita juu ya ua kuingia majiko ya Milimani, ambako amejifunza kufungua madirisha ya wavu. Binti yangu aliwahi kupoteza chapati nzima kabla hajaimega. Usishindane naye, usimwonyeshe meno hata kwa kutabasamu, kwani kwake hiyo ni dalili ya vita, na chakula kikae ndani ya begi lenye zipu.

Wakazi hupatumiaje siku za kawaida?

Asubuhi za katikati ya juma ni za shule. Mabasi hushusha watoto wenye sare za rangi zote, kila mmoja na mkate wake na soda, na mara nyingi safari huunganishwa na Makavazi ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, ambako kuna nyoka, mamba na boma la Kiluo lililojengwa kama lilivyokuwa zamani. Vilabu vya Wanyamapori vya Kenya, vilivyoanza mwaka 1968 kwa juhudi za wanafunzi, ndivyo vilivyowazoesha walimu wengi safari za aina hii. Wengi wetu tuliosoma hapa tulimwona simba kwa mara ya kwanza tukiwa tumeshikana mikono wawili wawili.

Jumamosi ni ya harusi. Maharusi hawafungi ndoa humo kwa kawaida; huja kupiga picha kati ya ibada na karamu, gauni limeinuliwa ili lisiguse umande, mpambe akitembea nyuma na viatu vya bibi harusi mkononi. Mpiga picha hutaka swala aonekane nyuma yao, na swala hutaka wote waondoke. Jumapili alasiri ni ya familia na ya vijana wawili wawili wanaodai kuwa wanasomea mtihani. Sikukuu za Idd na Krismasi hujaza lango kupita kiasi, na siku hizo mimi hukaa nyumbani.

Kuna pia matumizi yasiyoonekana. Wazee wa Milimani hutembea humo kwa amri ya daktari. Nje ya lango kuna riziki inayotegemea wageni: njugu, mahindi ya kuchoma, miwa iliyokatwa vipande, boda boda zinazongoja. Lango likifungwa kwa siku mbili, mama wa njugu ndiye wa kwanza kujua.

Dunga na hifadhi vina uhusiano gani?

Ukiendelea na barabara unafika ufuo wa Dunga, kijiji cha wavuvi kilichomezwa na jiji bila kukubali kuwa mtaa. Mitumbwi hushusha mbuta, ngege na omena. Kina mama hununua, huparua, hukausha na kuuza. Kando yake kuna kinamasi cha mafunjo kinachojulikana na watazamaji wa ndege duniani kote, hasa kwa ndege mmoja mwenye mgongo mweusi, kifua chekundu kama damu na utosi wa manjano, ambaye haishi popote pasipo mafunjo.

Mafunjo hayo, ambayo Wajaluo huyaita togo, hukatwa kwa ajili ya mikeka, vikapu na viti. Ukataji wa kiasi hauna ubaya, kwa kuwa mafunjo huota tena upesi. Kinachoyamaliza ni moto, mifugo na mashamba yanayosogea kila kiangazi. Tofauti ya hifadhi na kinamasi ni kwamba hifadhi ina ua na mlinzi, na kinamasi kina watu wanaokitegemea. Nzohe anahitaji vyote viwili. Naamini kosa letu kubwa tulio majirani ni kuona hifadhi kama kisiwa, tukisifu hekta 34 zilizo ndani huku tukitupa taka kwenye mtaro unaomwagika kwenye maji anayoogelea mnyama yuleyule.

Mbona siku nyingine ziwa linaonekana kama uwanja wa majani?

Hayo ni magugu maji, mmea wa Amerika Kusini uliofika katika ziwa hili takribani mwaka 1990. Ulifikia kilele Ghuba ya Winam, ghuba yetu hii, mwaka 1998, meli zikakwama na wavuvi wakakaa bure. Vifukusi wanaoula mmea huo walikuwa wameachiliwa mwaka 1997, na baada ya hapo ulipungua sana, ingawa haujaisha, kwa kuwa unalishwa na maji machafu na mbolea inayoshuka na mito. Upepo ndio unaoamua: asubuhi waweza kuona maji safi, na jioni zulia la kijani limefika hadi ukingoni likiwa na maua ya zambarau, mazuri kwa asiyejua gharama yake.

Ziwa lenyewe nalo hupanda. Mvua za mwishoni mwa 2019 na mwanzo wa 2020 zililifikisha, Mei 2020, kwenye kiwango kilichopita rekodi ya 1964, na Dunga maji yaliingia kwenye vibanda vya samaki. Usishangae kuona miti iliyokauka ikiwa imesimama majini.

Niende saa ngapi, na nibebe nini?

Lango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Nenda kabla ya saa tatu, wanyama wakiwa bado wanatembea, au baada ya saa kumi. Adhuhuri ya Kisumu huwalaza hata fisi. Kati ya Machi na Mei mvua hupenda kushuka alasiri na jioni, kwa hiyo chagua asubuhi.

Usibebe chupa ya maji ya plastiki ya kutupwa, mirija wala sahani za plastiki, kwa kuwa tangu Juni 5, 2020 vitu hivyo vimepigwa marufuku katika maeneo yote yaliyohifadhiwa, na mlinzi atakufungulia begi. Bebea maji kwenye chupa ya chuma au termosi. Vaa viatu vinavyofunika vidole. Ukimaliza, usikimbilie kurudi mjini; shuka hadi Hippo Point ukaangalie jua likiingia majini, kisha uagize samaki Dunga kabla hujakaa, kwa sababu hukaangwa bila kukatwa vipande na jiko huwa moja.